Mawe au chuma? Kuchagua tiba ya mguu uliovunjika kwa ajali ya bodaboda

Mdogo wangu alivunjika paja la kulia saa mbili usiku akiwa na abiria, kwenye kona anayoipita kila siku. Abiria alichubuka tu, namshukuru Mungu. Yeye paja lilikatika katikati. Hata bila picha ulikuwa unaona: mguu umekuwa mfupi kuliko mwenzake na unyayo umelalia nje.

Asubuhi yake daktari alituita pembeni akatueleza njia mbili. Mguu uvutwe kwa mawe kitandani mpaka mfupa uunge, au afanyiwe upasuaji awekewe chuma ndani ya mfupa. Akatutajia gharama za kila njia, akatuachia karatasi ya kusaini. Mjomba, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nje, alikuwa na njia yake ya tatu: "Mpwa wangu nampeleka kwa mzee wa mifupa. Hapa watamkata mguu."

Tulipewa siku moja kuamua jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelielewa. Haya nawaandikia wale waliokaa leo kwenye benchi kama lile. Mimi si daktari. Nimeuguza mguu mmoja kwa miezi minane, nimeuliza maswali hadi wauguzi wakanizoea, na nimeona vitanda vingi. Eksirei ya mgonjwa wenu aisome daktari wenu; mimi naweza kuwasaidia kujua mumuulize nini.

Kwanza, pale ambapo hakuna cha kuchagua

Kama mfupa umetoboa ngozi, au kuna kidonda chochote juu ya mahali palipovunjika, hata kidogo kama punje ya mahindi, kikao cha familia kisubiri. Huyo anahitaji sindano ya pepopunda, dawa ya kuua vijidudu mapema iwezekanavyo, na kuoshwa kidonda vizuri katika chumba cha upasuaji. Kila saa inayopotea inawapa vijidudu nafasi ya kuingia kwenye mfupa, na usaha ukishakaa kwenye mfupa unaweza kukusumbua miaka.

Hali ya pili ni maumivu yanayozidi kiasi. Mguu umekazana kama ngoma, vidole vimeanza kufa ganzi, na ukimnyoosha kidole cha mguu polepole mgonjwa anapiga ukelele. Maana yake nyama za ndani zimevimba hadi zinajibana zenyewe na damu haipiti. Hutokea zaidi kwenye muundi, na hutokea pia plasta ikibana. Hapo mnazungumzia saa, si siku. Mwite muuguzi, na asipokuja mfuate.

Tena paja lenyewe lina hatari ambayo watu hawaijui. Likivunjika linaweza kumeza lita moja ya damu au zaidi ndani kwa ndani, bila tone kuonekana nje. Ndiyo maana mtu anaweza kuongea vizuri saa mbili na kuzimia saa nne. Msimlaze nyumbani "tuangalie asubuhi". Kama gari ni la kusubiri, fungeni mguu uliovunjika pamoja na ule mzima kwa kanga tatu au nne, katikati yake mkiweka nguo laini, msifunge juu ya mahali penyewe palipovunjika. Mguu uliotulia unavuja damu kidogo na unauma kidogo. Gango la Thomas, lile la fremu ya chuma ndefu, liliokoa wanajeshi wengi katika Vita ya Kwanza ya Dunia kwa kazi hiyo hiyo ya kuutuliza mguu.

Kwa Tanzania, mmoja wa familia afuatilie polisi PF3, ile fomu ya matibabu ya majeruhi, wakati mgonjwa anahudumiwa. Bima ya chombo kilichohusika ikija kudaiwa baadaye, karatasi hiyo itaulizwa mapema kabisa.

Mawe na chuma, wiki kwa wiki

Kitanda cha jirani alilala baba mmoja wa makamo kutoka Rufiji, aliyegongwa na pikipiki akivuka barabara. Naye paja, naye katikati. Wao walichagua mawe, sisi tulichagua chuma. Kwa hiyo njia zote mbili niliziona kwa umbali wa hatua mbili.

Misuli ya paja ina nguvu sana. Mfupa ukikatika, misuli inavuta vipande vipandane, na ndiyo sababu mguu unafupika. Mawe yanapambana na hiyo misuli. Daktari anapitisha kijiti cha chuma kwenye mfupa chini kidogo ya goti, kamba inafungwa hapo, inapita kwenye kapi mwisho wa kitanda, na chini yake unaning'inia uzito, mara nyingi karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa mgonjwa. Miguu ya kitanda upande wa chini huinuliwa kwa matofali ili mgonjwa asiburutwe na mawe yake mwenyewe. Uzito lazima uning'inie hewani. Siku moja nilikuta mfuko wa baba wa Rufiji umekaa sakafuni; kamba ilikuwa imelegea tangu usiku. Mtu anayeuguza mgonjwa wa mawe aangalie mfuko huo kila anapoingia na kila anapotoka.

Chuma ni fimbo inayoingizwa ndani ya uboho, kutoka nyonga au kutoka goti, kisha inafungwa skrubu juu na chini. Mjomba aliposikia hivyo alisema vijana wa siku hizi wanafanyiwa majaribio. Daktari alimjibu kwa upole kwamba Mjerumani Gerhard Küntscher alianza kuingiza fimbo kama hiyo mwaka 1939, na kwamba hospitali nyingi za huku, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, zimekuwa zikitumia chuma cha SIGN. Hilo ni shirika la Richland, jimbo la Washington, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle. Chuma chao kina kifaa cha kulengea kinachomwonyesha daktari matundu ya skrubu yalipo, kwa hiyo upasuaji unawezekana hata pasipo mashine ya eksirei ndani ya chumba. Shirika huwapa hospitali vyuma hivyo bila malipo, ingawa mgonjwa bado anaweza kudaiwa gharama za upasuaji na kitanda. Ulizeni kama hospitali yenu inavyo. Sisi tusingejua kama mjomba asingebisha.

Siku tisa za kwanza wote wawili walikuwa kwenye mawe, maana hata aliyechagua chuma husubiri zamu akiwa amevutwa. Hilo nalo tulikuwa hatulijui. Ulizeni foleni ni ya siku ngapi kabla ya kusaini.

Siku ya kumi mdogo wangu alipasuliwa. Siku ya pili baada ya upasuaji mtaalamu wa mazoezi alimsimamisha. Alitokwa na jasho, akageuka rangi, akakaa, akasimamishwa tena. Siku ya sita tulitoka wodini na magongo. Nyuzi zilitolewa baada ya wiki mbili. Baba wa Rufiji wakati huo alikuwa amelala chali, hajageuka ubavu hata mara moja.

Wiki ya tatu kila mmoja alipata tatizo la njia yake. Kidonda cha mdogo wangu kilianza kutoa majimaji. Tulirudi mbio, kikaoshwa, akapewa dawa, kikakauka. Ilikuwa ya juu juu tu, lakini hiyo ndiyo hofu kubwa ya chuma: vijidudu wakikifikia, mfupa unaweza kutoa usaha kwa muda mrefu na upasuaji ukarudiwa. Asije mtu akakwambia chuma hakina hatari. Baba wa Rufiji yeye alipata kidonda juu kidogo ya makalio, ukubwa wa sarafu. Mkewe hakukiona kwa sababu hakuna aliyemwambia apatazame. Kwa mgonjwa wa mawe, pitisheni mkono chini ya mgongo na visigino kila siku, mkaushe jasho, mnyoosheni shuka lisiwe na mikunjo, na mumfundishe kujiinua kwa mikono kila saa. Akohoe kwa nguvu na avute pumzi ndefu, maana mapafu ya mtu aliyelala yanashika maradhi. Na mgonjwa wa njia yoyote ile, akianza ghafla kuhema, kuumwa kifua au kuvimba shavu la mguu, ni dharura. Damu huganda kwenye mguu na kipande kinaweza kusafiri hadi kwenye mapafu.

Wiki ya sita mdogo wangu alikuwa anakaa kwenye genge langu la mboga, mguu kwenye ndoo iliyopinduliwa, akiuza nyanya. Kliniki walimruhusu kukanyaga kidogo. "Kidogo" ni neno gumu. Yule mtaalamu wa mazoezi alilitatua kwa mizani ya kawaida: alimsimamisha, akamwambia akandamize mguu mgonjwa juu ya mizani mpaka isome kilo 20, aihisi, airudie. Nyumbani tulinunua mizani ya namna hiyo na tukaendelea.

Baba wa Rufiji alitolewa mawe wiki ya kumi na moja. Mfupa ulikuwa umeunga, eksirei inaonyesha wingu jeupe limezunguka mahali palipovunjika. Mguu ulikuwa umepungua kama sentimita mbili, na fundi viatu aliongeza soli ikawa sawa. Kilichomuumiza ni goti. Lilikuwa limeganda, linakunja kidogo tu. Watu wa mjini wanaweza kuona goti ni jambo dogo. Yeye nyumbani ana choo cha kuchuchumaa, na ni mtu wa sala tano. Aliniambia, "Mwanangu, mfupa umepona lakini sijui nitasujudu vipi."

Goti la mgonjwa wa mawe linaweza kuokolewa. Kuna namna ya kuvuta mguu ambapo sehemu ya kitanda chini ya goti inashushwa au kuondolewa, mgonjwa anakunja na kunyoosha goti kila siku huku bado anavutwa. Mkichagua mawe, ombeni hilo kwa jina la mazoezi ya goti, muulize linaanza siku gani, na lisipoanza muulize tena.

Nani anafaa mawe, nani anafaa chuma

Mtoto mdogo mfupa wake unaunga upesi sana, kwa wiki chache. Kwake mawe au plasta ya kiunoni mara nyingi ndiyo tiba nzuri kabisa, na kufupika kidogo hujirekebisha anavyokua. Msilazimishe upasuaji kwa kudhani ghali ndiyo bora.

Mtu mzima mwenye paja lililokatika katikati, hospitali yenye daktari wa mifupa na chumba safi cha upasuaji: mimi nasema chuma, na nasema hivyo bila kusita. Mzee ndiyo zaidi, kwani kitanda kinamuua mzee haraka kuliko kuvunjika kwenyewe. Lakini kama hospitali mliyopo haina mtaalamu, au usafi wa chumba unawatia shaka, mawe yaliyosimamiwa vizuri ni salama kuliko chuma kilichowekwa vibaya. Katika hali hiyo muombe rufaa. Muhimbili, Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi zinapokea wagonjwa wa mifupa kutoka mikoani, na mgonjwa akifungwa vizuri anaweza kusafirishwa.

Hesabu ya fedha

Karatasi ya hospitali ilionyesha mawe ni nafuu sana. Ndicho kilichoivuta familia ya Rufiji, na nusura kituvute na sisi. Tulipokaa jioni tukaandika upande wa pili wa karatasi. Nauli na chakula cha muuguzaji, shilingi 6,000 za Tanzania kwa siku. Wiki 12 ni siku 84, jumla 504,000. Genge langu limefungwa siku zote hizo. Kwa chuma tulikaa wodini siku 15, ikawa 90,000 na genge likafunguliwa. Pikipiki ilikuwa ya mkataba, hesabu 10,000 kila siku, na tajiri alikubali kumpa dereva mwingine aishike kwa sababu tulimfuata siku ya tatu tukamweleza, hatukungoja atupigie simu. Hilo halihusiani na mawe wala chuma, kwa kuwa kwa njia zote mbili dereva harudi barabarani kabla ya miezi mingi. Ila mwenye mgonjwa wa bodaboda alikumbuke.

Mwenye bima aulize swali hili neno kwa neno: "Bima inalipia na chuma chenyewe, au upasuaji tu?" Kenya, tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii, iliposhika nafasi ya NHIF, mfuko wa bima wa zamani, muulize hospitali kama mgonjwa amesajiliwa na michango iko sawa kabla ya siku ya upasuaji. Asiye na uwezo kabisa katika hospitali za serikali Tanzania aende ofisi ya Ustawi wa Jamii ya hospitali hiyo hiyo. Nendeni mapema, kabla deni halijawa mlima.

Kama ni muundi

Muundi una uchaguzi mwingine. Mfupa huo upo chini ya ngozi tu, pitisha kidole utauhisi, na ndiyo sababu ajali za pikipiki huutoboa nje mara nyingi.

Ukivunjika bila kidonda, vipande vikiwa vimekaa sawa, plasta, yaani hogo, inatosha. Hogo hilo huanza refu, kupita goti, halafu hubadilishwa kuwa fupi. Jumla ni miezi mitatu hadi minne, pengine zaidi. Linataka picha ya mara kwa mara wiki za mwanzo, maana uvimbe ukishuka plasta inalegea na mfupa unateleza ndani bila mtu kujua. Vidole lazima vionekane, viwe vya moto na vichezeke. Chuma cha ndani kinafaa pale vipande visipotulia, au mgonjwa hawezi kukaa na hogo miezi yote hiyo. Faida yake ni kwamba goti na kifundo vinabaki huru.

Vyuma vya nje, vile vinavyotokeza kama antena, ni vya mguu wenye kidonda kibaya. Kidonda kinaoshwa na kuonekana wakati mfupa umeshikwa. Kazi yake iko kwa muuguzaji: kusafisha kila tundu kila siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na chumvi kidogo, au kama kliniki ilivyoelekeza, mikono imenawiwa kwa sabuni. Vyuma hivyo vinatisha majirani. Mfunikieni mgonjwa kwa kanga pana akitoka nje, asijifungie ndani kwa aibu.

Mzee wa mifupa

Mjomba hakuwa mjinga. Amewaona watu waliopona kwa mzee yule, na ni kweli wamepona. Mfupa una tabia ya kujiunga wenyewe ukitulizwa, na mtu aliyevunjika bila vipande kuhama atapona kwa mianzi kama ambavyo angepona kwa plasta. Wasiosimuliwa ni wale wengine. Wodini kwetu aliletwa kijana aliyefungwa mianzi kwa kamba ngumu siku tano. Vidole vilikuwa vyeusi. Mguu wake ulikatwa chini ya goti, na ndugu zake wakarudi kijijini kusema hospitali imemkata mguu. Kilichomkata ni kamba.

Mzee hana eksirei, kwa hiyo anaunga asichokiona. Kukanda mahali palipovunjika kunavuruga utando unaoanza kuunganisha. Paja lililopandana halinyooshwi kwa mikono ya mtu. Kama kuna mkubwa katika familia ambaye moyo wake hautulii bila mzee kushirikishwa, mzee aje amwone mgonjwa, amwombee, aongee naye. Asifunge, asikande, na asiweke majani kwenye kidonda. Mjomba alikubali hivyo nilipomwomba kwa heshima, mbele ya shangazi, na yeye ndiye aliyekuja kuwa wa kwanza kuchangia fedha za upasuaji.

Baada ya kutoka: mjini au kijijini, kliniki au nyumbani

Mama alitaka mwanawe arudi kijijini apate maziwa na utulivu. Sisi tulimbakiza Dar miezi mitatu kwa sababu moja tu, kliniki ya wiki ya sita na ya kumi na mbili. Aliye kijijini akiona nauli anaahirisha, na mfupa unaokataa kuunga hautoi taarifa. Baada ya picha ya mwezi wa tatu kuonyesha utando mzuri, alikwenda kwa mama, na alinenepa.

Mazoezi ya kliniki mara mbili kwa wiki ni mazuri, ila goti linakunjwa nyumbani. Nauli ikikosekana, mwombeni mtaalamu awape mazoezi manne ya kufanya kila siku na tarehe moja ya kurudi kwa mwezi. Sisi tulipima maendeleo kwa mkeka: visigino vinafika umbali gani kutoka makalioni. Tuliweka alama ya chaki ukutani kila Ijumaa.

Magongo ya kwapani yaachwe nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, uzito ubebwe na mikono. Akiegemea kwapa mishipa ya fahamu inabanwa na mkono unakufa ganzi. Kupanda ngazi mguu mzima hutangulia; kushuka mgonjwa na magongo hutangulia. Sigara iachwe, inachelewesha mfupa kuunga. Supu ya kongoro ni chakula kizuri, anywe, ila dagaa, maharage, mayai na maziwa vinafanya kazi ile ile kwa bei ndogo.

Chuma hakitolewi isipokuwa kikisumbua. Watu wanaishi nacho hadi uzeeni.

Mwezi wa nane mdogo wangu aliomba tumpeleke kijiweni. Alikaa kwenye pikipiki iliyozimwa, wenzake wamemzunguka. Breki ya nyuma iko mguu wa kulia, mguu ule ule. Alikanyaga mara kumi, polepole, kisha akamwambia mwenzake apige makofi ghafla ili aone kama atawahi. Mara ya kwanza aliwahi. Mara ya tatu mguu ulichelewa. Akashuka akashika gongo lake. "Bado, dada," akasema. "Tuje tena mwezi ujao."